Nitumie Faili Mapema, Mwalimu

Karatasi ya mtihani yenye kurasa nne za wino ikipita mezani kwangu hutoka na kurasa kumi, pengine kumi na mbili. Nukta nundu zinakula nafasi. Kila herufi ina chumba chake cha nukta sita, chumba hakikuzwi wala hakibanwi, na karatasi yenyewe lazima iwe nzito ili nukta zisimame na zisifutike vidole vikipita mara ya pili. Hiyo ndiyo kazi yangu. Mimi ni mnukuzi katika kitengo cha wanafunzi wenye mahitaji maalumu kwenye chuo kikuu kimoja cha umma hapa Tanzania. Nilianza nikiwa mwalimu wa shule ya msingi, nikaenda kusomea elimu maalumu Patandi, kule Tengeru, nikafundisha watoto wasioona, ndipo nikaja chuoni. Wanafunzi huniita Mama Nukta. Wahadhiri kadhaa huniita pale tu mtihani unapokuwa kesho.

Hiyo kesho ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Zikitajwa habari za ulemavu na elimu ya juu, watu hukimbilia mambo mazito: fedha hakuna, vifaa hakuna, jamii inanyanyapaa. Sikatai. Lakini katika ofisi hii nimeona vijana wenye akili zao wakipata sapu, yaani kurudia mtihani, kwa sababu ya jambo lisilouzwa dukani, nalo ni kuchelewa. Makaratasi ya somo yanamfikia mwanafunzi baada ya jaribio. Darasa linahamishwa kutoka ghorofani wiki ya sita. Mkalimani wa lugha ya alama anapatikana muhula umefika nusu. Ukiuliza, utaambiwa huduma ilitolewa, na kweli kwenye taarifa ya mwaka imeandikwa kwamba ilitolewa.

Niwaeleze usiku mmoja wa mitihani. Mtihani ni saa mbili asubuhi. Flashi yenye mtihani huo inanifikia saa kumi na moja jioni, siku moja kabla. Kwa kuwa mtihani ni siri, siwezi kwenda nao nyumbani. Nafunga mlango, nampigia binti yangu awape wadogo zake chakula, nakaa. Programu ya kunukuu inageuza herufi kuwa nukta yenyewe, lakini msidhani ni kubonyeza na kwenda zako. Jedwali likiingia humo linasambaratika. Namba za safu ya kwanza zinakwenda kulala kwenye safu ya tatu. Alama za takwimu zinatoka ovyo. Inabidi nipitie mstari kwa mstari nikipanga upya. Kisha kuna printa yenyewe: haina wino, ina pini zinazogonga karatasi kwa kishindo, hata walinzi wa usiku wakipita dirishani wanajua nipo. Umeme ukikatika katikati ya ukurasa, karatasi hiyo imeharibika. Hapo nahamia kwenye Perkins, ile mashine ya chuma iliyoanza kutengenezwa Marekani mwaka 1951, yenye vitufe sita vya nukta na kimoja cha nafasi, isiyojua umeme ni nini.

Usiku huo swali la nne lilimtaka mtahiniwa aeleze jambo kwa kutumia mchoro uliokuwa chini yake. Nikampigia mhadhiri. Nikamkuta kwenye kikao cha harusi, kelele tele.

"Dokta, habari za jioni. Swali lako la nne lina mchoro."

"Ndiyo, mama. Si atasomewa tu?"

"Atasomewa nini, baba? Mchoro wenyewe hauna maneno."

Akanyamaza kidogo, akatoka nje ya ukumbi. Si mtu mbaya, na somo lake analijua. Ni vile tu hakuna aliyewahi kumkalisha chini akamwonyesha. Tukakubaliana papo hapo kwenye simu kuugeuza mchoro uwe maelezo ya mistari sita, nikamsomea mara mbili ili nisije nikampa mwanafunzi jibu bila kujua. Hapo ni saa tatu usiku. Angenipa karatasi ile siku chache kabla, ningetengeneza mchoro wa kupapasa, na mwanafunzi wangu angefanya swali lile lile walilofanya wenzake.

Michoro ya kupapasa naitengeneza kwa mikono. Kwa mwanafunzi wa uchumi, mstari wa mahitaji nautandika kwa uzi wa sufu, na wa ugavi kwa uzi wa nailoni uliosokotwa, yote imegandishwa kwenye manila kwa gundi ya mbao. Mihimili ni njiti za mishikaki. Kidole kikipita kinajua kipi ni kipi, na pale nyuzi zinapokutana naweka punje ya choroko: hapo ndipo bei ya soko ilipo. Kwa ramani ya mvua natumia mchanga laini, mchanga mkavu wa kawaida na chenga za kokoto, kila ukanda na wake. Gundi inataka usiku mzima kukauka, na ukiiharakisha kwa feni mchanga wote unahamia sakafuni. Vifaa hivyo vyote havifiki bei ya soda za kikao kimoja cha idara. Kinachotakiwa ni siku mbili tu.

Na mtihani ukiisha, kazi haijaisha. Mwanafunzi aliyejibu kwa nukta nundu anaacha rundo la karatasi ambalo mhadhiri wake hawezi kulisoma. Nalipitia, naandika maneno kwa wino juu ya kila mstari, makosa yake nayaacha kama yalivyo, maana si kazi yangu kumsahihishia. Wanaochapa majibu kwenye kompyuta wanatupunguzia mzigo, lakini si wote wanaokuja chuoni wakiijua kompyuta. Wengine walikutana nayo hapa hapa, mwaka wa kwanza. Majibu ya nukta yakiwa mengi na wanukuzi wachache, matokeo yanachelewa. Wenzao wanaona alama kwenye mfumo, wao wanaona kwamba somo halijakamilika. Na bumu (fedha za mkopo wa mwanafunzi) la mwaka unaofuata linasubiri matokeo hayo hayo.

Muda wa ziada nao una vituko vyake. Kwa mitihani ya taifa jambo hili lina kanuni: Baraza la Mitihani la Tanzania huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 kwa kila saa katika hisabati, na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Sababu yake inaeleweka. Kidole husoma herufi moja baada ya nyingine. Hakiwezi kutupa jicho ukurasa mzima kutafuta swali jepesi la kuanzia. Mtoto amekua na kanuni hiyo. Akifika chuoni, kwa nilivyoona, dakika zake zinategemea nani anasimamia chumba siku hiyo. Mmoja anaongeza nusu saa bila kuulizwa. Mwingine anakusanya karatasi sawa na wengine na kusema hajapewa maelekezo. Binti mmoja wa mwaka wa tatu aliniambia ugumu wa mtihani haumsumbui; kinachomsumbua ni kutangulia mbele ya ukumbi wenye watu mia tatu, kabla hata hajakaa, kumweleza msimamizi kwamba yeye haoni.

Sasa madesa. Kwa msomaji ambaye hakupita huko: madesa ni makaratasi ya mhadhiri, muhtasari wa somo, ambayo zamani yaliachwa stationery watu wakatoe fotokopi, na siku hizi yanarushwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Kundi lina CR wake, yaani kiongozi wa darasa, lina vichekesho, lina matangazo ya vyumba vya kupanga, na lina picha za kurasa zilizopigwa kwa simu. Mwenye macho anaikuza picha, anasoma. Kijana wangu mmoja wa Kigoma, aliyepoteza uoni kwa surua akiwa mdogo, anasomea ualimu wa Kiswahili na Historia. Aliingia ofisini akiwa ameshika kompyuta yake kifuani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Leo kuna nini?"

"Nimetumiwa kurasa arobaini. Mashine inaniambia picha, picha, picha, mpaka mwisho. Na jaribio ni Jumatatu."

Mashine anayoisema ni programu ya kusoma skrini. Inatamka kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye kompyuta, na mwanafunzi huiendesha kwa kibodi bila kugusa kipanya. Zipo zinazouzwa kwa mamia ya dola, kama JAWS. Ipo pia ya bure, NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 na vijana wawili wa Australia, wote hawaoni, walioona si haki mtu asiyeona alipie kompyuta mara mbili. Hiyo ndiyo tunayoifunga kwenye kompyuta za wanafunzi wetu. Wazoefu wanaisikiliza kwa kasi ambayo mimi nasikia mvumo tu. Lakini programu hizi husoma herufi zilizochapwa. Picha ya ukurasa, kwao, ni picha. Kuna njia ya kuigeuza picha kuwa maandishi, nasi tunaitumia, ila ukurasa uliopigwa kwa simu chini ya taa ya chumba, umepinda, una kivuli cha mkono, unatoka na makosa mpaka "uhuru" unakuwa "ubuzu". Kurasa arobaini za namna hiyo kuzisafisha ni siku tatu.

Lipo jaribio rahisi ambalo yeyote anaweza kulifanya. Fungua faili lako kwenye kompyuta, kisha jaribu kuchagua mstari mmoja kwa kipanya kana kwamba unataka kuunakili. Mstari ukikubali kuchaguliwa neno kwa neno, mashine itausoma. Ukikataa, umetuma picha. Wahadhiri ninaowaonyesha jambo hili hushangaa, hucheka, kisha hunitumia faili halisi lililokuwa kwenye kompyuta yao muda wote. Walilichapa wenyewe, wakatoa nakala, CR akaipiga picha, picha ikarushwa. Faili lenyewe halikuwahi kutoka.

Ukitaka kuonja kidogo hali yenyewe, simu yako ya Android ina programu ya kusoma skrini inayoitwa TalkBack, iko kwenye mipangilio, upande wa huduma za ufikivu. iPhone inayo VoiceOver. Jifunze kwanza namna ya kuizima, halafu iwashe, fumba macho, ufungue kundi lolote la WhatsApp. Utajua baada ya muda mfupi ni nani kati ya marafiki zako anatuma maneno na nani anatuma picha za maneno.

Kisha kuna hili ambalo hutuchekesha ofisini ingawa halichekeshi. Kompyuta nyingi huja na sauti ya Kiingereza. Mwanafunzi wa Kiswahili akifungua tahakiki ya ushairi, anasomewa na Mmarekani asiyejua kwamba "ng'ombe" ina king'ong'o wala kwamba "chai" si "chei". Sauti ya Kiswahili ipo, ya bure, inaingia kwenye NVDA. Ina mkwaruzo wa kiroboti lakini matamshi yanaeleweka. Nimekuta wanafunzi wa mwaka wa tatu wasioijua, wamesikiliza fasihi yetu miaka miwili kwa lafudhi ya ng'ambo, na wakafaulu. Sijui tuwape shahada ngapi.

Kwa upande wa vitabu, kikwazo kimoja kikubwa kimeondoka. Zamani kitabu kilikuwa mali ya mwandishi na mchapishaji, na kukigeuza kuwa nukta nundu au sauti bila ruhusa kuliweza kuleta kesi. Mwaka 2013, mjini Marrakesh, nchi zilikubaliana mkataba unaoruhusu kazi iliyochapishwa kugeuzwa kwa ajili ya wasioona bila kumwomba mwenye hakimiliki, na nakala hizo kuvuka mipaka. Kenya iliingia mwaka 2017, Tanzania mwaka 2020. Maana yake ni kwamba kitabu kilichonukuliwa Nairobi kinaweza kumfaa mwanafunzi wa Dodoma. Bado sijaona wahadhiri wakiulizia hilo wanapopanga orodha ya vitabu.

Sheria kwa jumla hazikosekani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ulipitishwa mwaka 2006, Tanzania ikauridhia mwaka 2009, na ibara yake ya 24 inataja elimu ya juu waziwazi: mtu asome kwa usawa na wengine, na apewe marekebisho yanayomfaa. Mwaka uliofuata Bunge letu likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010. Wakenya waliweka katika Katiba yao ya mwaka huo huo, ibara ya 54, haki ya kutumia lugha ya alama na nukta nundu. Ukisoma karatasi hizo unaweza kudhani ofisi yangu haina kazi.

Hitilafu ninayoiona ni kwamba haki hii imewekwa kwa namna ambayo mwanafunzi lazima aiombe, tena kwa kila mtu, tena upya kila mara. Hesabu mwenyewe. Shahada ya miaka mitatu ina mihula sita. Kila muhula masomo matano au sita, kila somo na mhadhiri wake. Ni mara thelathini au zaidi kijana anagonga mlango, anasubiri kwenye benchi la ukumbini, anaingia, anajieleza: sioni, naomba madesa kwenye faili; au sisikii, naomba ugeukie darasa unapoongea; au nina kifafa, naomba nisihesabiwe mtoro siku nilipoanguka. Wengine huchoka kabla ya mwaka wa pili. Wanaacha kuomba, wanalipa mwenzao kutoka kwenye bumu lao awasomee usiku, na sisi tunaandika kwamba mahitaji yamepungua.

Msidhani mfumo huu wa kuomba ni ugonjwa wa nchi maskini. Marekani ndiko mambo haya yalikoanzia kwa kiasi kikubwa, na habari yake inafaa kujulikana. Mwaka 1962 kijana mmoja aitwaye Ed Roberts alikubaliwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Alikuwa amepooza kwa polio tangu umri wa miaka 14 na alilala ndani ya mashine kubwa ya kumsaidia kupumua. Bweni la kubeba mashine ile halikuwepo, basi akawekwa kwenye hospitali ya chuo, ghorofa ikawa bweni lake. Wengine wenye viti vya magurudumu wakamfuata, wakawa kundi, wakakataa kuendelea kuitwa wagonjwa. Mwaka 1970 wakapata programu yao chuoni, iliyoendeshwa na watu wenye ulemavu wenyewe. Napenda kuwasimulia wanafunzi wangu ilifanya nini: iliwatafutia wasaidizi wa kuwaamsha na kuwavalisha asubuhi, na ilitengeneza viti vya magurudumu vilivyoharibika. Hawakuanza na semina. Walianza na fundi.

Sheria ikaja baadaye. Kifungu cha 504 cha mwaka 1973 kilikataza ubaguzi kwa taasisi zinazopokea fedha za serikali kuu, kikakaa miaka minne bila kanuni za utekelezaji, mpaka Aprili 1977 watu wenye ulemavu walipoingia jengo la serikali San Francisco na kulala humo zaidi ya wiki tatu. Kanuni zikasainiwa. Mwaka 1990 ikafuata sheria pana zaidi. Lakini mpaka leo mwanafunzi wa chuo kule hupaswa kujitambulisha mwenyewe ofisini, kuleta vyeti vya daktari, na mara nyingi kupeleka barua kwa kila mwalimu kila muhula, ilhali alipokuwa shule ya sekondari ilikuwa ni kazi ya shule kumtafuta. Takwimu za serikali yao zilizotolewa mwaka 2022 zilionyesha kwamba walio wengi kati ya wanafunzi wa vyuo wenye ulemavu hawakukiarifu chuo chao. Kama nchi yenye mawakili wengi kiasi kile imeshindwa kwa njia ya kuomba, sisi tunaitegemea njia hiyo kwa lipi?

Viziwi ndio wanaonisumbua roho zaidi, kwa sababu nukta zangu haziwafai kitu. Mkalimani mmoja hawezi kutafsiri mhadhara wa saa mbili peke yake. Mikono inachoka, na akili inachoka kabla ya mikono. Wanatakiwa wawili wapokezane kila baada ya nusu saa hivi. Tuna vipindi ambavyo hata mmoja ni bahati. Akiugua malaria, mwanafunzi amekosa wiki nzima hali ya kuwa amekaa darasani kila siku, kiti cha mbele, na mahudhurio yake yamejaa. Halafu kuna maneno ya taaluma ambayo Lugha ya Alama ya Tanzania haina ishara zake zilizozoeleka. Mkalimani na mwanafunzi hukaa kantini kabla ya kipindi wakakubaliana ishara ya "uzalishaji ziada" ni hii, ya "dhahania" ni ile. Mhadhiri akitoa madesa siku mbili kabla, wanakuja na ishara mkononi. Asipotoa, mkalimani anaanza kutamka herufi moja moja kwa vidole, na kufika neno la tatu mhadhara umeshavuka. Na diskasheni za usiku bwenini, ambako wanafunzi wa kawaida hupata nusu ya elimu yao, mkalimani hayupo kabisa. Ameshakwenda zake nyumbani, ana watoto.

Majengo sitayasemea sana, kila mtu anayaona. Mteremko wa zege unawekwa mbele ya jengo siku ya mgeni rasmi, ndani choo ni cha kuchuchumaa. Niseme moja tu: ratiba. Kumbi za chini zipo. Anayepanga ratiba akijua kwamba mwanafunzi wa kiti cha magurudumu anasoma somo fulani, kulishusha somo hilo chini ni kazi ya kubadilisha namba ya chumba kabla ratiba haijatoka. Ikishatoka, kubadilisha chumba kimoja kunavuruga vingine vinane, na hapo ndipo barua zinaanza kuzunguka mwezi mzima huku kijana anabebwa ngazini na wenzake, mikoba shingoni, akicheka ili wasimwonee huruma.

Wenye ualbino husahaulika kwa namna yao. Wanatembea, wanaona kiasi, basi wanahesabiwa wazima. Uoni wao hafifu unataka karatasi ya maandishi makubwa, ukubwa wa 18 au zaidi, na kiti cha mbele kisichopigwa na mwanga wa dirisha. Jua la saa saba kati ya kumbi mbili zilizo mbali lina madhara kwa ngozi yao. Na wako wale ambao hakuna anayewaona: wenye kifafa, sonona, wenye shida ya kusoma, ambao herufi zinawachanganya tangu darasa la kwanza. Hao wakija ofisini hufunga mlango nyuma yao kabla ya kusema.

Ninachokitaka nimekiandika mara kadhaa kwenye vikao, na hakihitaji wafadhili. Serikali humjua mtoto huyu tangu anaposajiliwa kwa mtihani wa darasa la saba. Mahitaji yake yameandikwa, karatasi ya nukta au ya maandishi makubwa imemfuata kidato cha nne na cha sita. Kwenye maombi ya mkopo ameleta fomu ya mganga kuthibitisha ulemavu wake. Anapovuka lango la chuo ghafla anakuwa mgeni, anaanza kujieleza upya. Taarifa hizo zimfuate, kwa ridhaa yake. Chuo kimwandikie mahitaji yake mara moja, mwaka wa kwanza, na ofisi ya usajili iwatumie wahadhiri wake wote kila muhula mpaka anahitimu, bila yeye kugonga mlango. Muda wa ziada uandikwe kwenye kanuni za mitihani, uwe na dakika zake, msimamizi asiwe na la kuamua. Na mtihani wenye mtahiniwa asiyeona usipokelewe na ofisi ya mitihani kama haujapita kwa mnukuzi. Sharti hilo la mwisho likipita, nawahakikishia flashi zitafika mapema.

Printa, karatasi nzito, mishahara ya wakalimani, hizo ni fedha, na ni lazima zitafutwe. Sisemi uzi wa sufu utatosha. Printa yetu ikikwama pini, fundi wake si wa kumwokota mtaani. Lakini nimeona vyuo vikipewa mashine mpya na bado mwanafunzi anapata madesa Jumapili kwa jaribio la Jumatatu.

Kwa mzazi mwenye kijana wa kidato cha sita nyumbani, nina maombi machache. Matokeo hutoka Julai, vyuo hufunguliwa Oktoba au Novemba. Miezi hiyo mitatu ndiyo yetu. Kwenye fomu ya maombi kuna kisanduku kinachouliza ulemavu. Wengi hukiacha wazi wakihofia kunyimwa nafasi. Mjazishe. Fomu ya mganga mkuu toeni nakala, moja ibaki nyumbani. Akishachaguliwa, pigeni simu chuoni muulize kitengo cha mahitaji maalumu kabla hamjauliza bweni, mseme anatumia nini: nukta, sauti, maandishi makubwa, mkalimani, chumba cha chini. Kama anaweza, ajifunze kompyuta na programu ya kusoma skrini akiwa bado nyumbani, ni ya bure. Tukilijua jina lake Agosti, madesa ya wiki ya kwanza atayakuta yanamsubiri.